Bei Niliyoitangaza Mlangoni mwa Kanisa

Jumatatu, 11 Novemba

Mizani tena tangu asubuhi. Foleni hadi barabarani. Usiku imenyesha, kwa hiyo kila mtu amekuja na kahawa mbivu yenye maji, na kila mtu anasema ni mvua. Mmoja gunia lake lilikuwa linachuruzika kabisa. Nimemuuliza kama ameleta kahawa au nguo za kufua. Foleni yote imecheka, yeye pia, kisha akaenda kuikung'uta bila ubishi.

Mtambo wa kumenya umefanya kazi vizuri. Nilisimama karibu nao muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ni kitu pekee kikubwa ambacho chama chetu kimenunua na kumaliza kulipa. Wanachama walikatwa msimu baada ya msimu. Marehemu Aloyce, mume wangu, alibeba mawe ya msingi wake kutoka mtoni na hakuuona ukiwashwa.

Watu wananisalimia vizuri mwaka huu. Hata wale waliokuwa wakinipita kama nguzo ya umeme. Bei imepanda duniani kwa sababu huko Brazili kumekuwa na ukame, na shukrani naletewa mimi, Genoveva, mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Uru. Sikatai. Iliposhuka mwaka juzi nilitukanwa kwa hiyo hiyo Brazili.

Uchaguzi wa chama ni tarehe kumi na nne mwezi ujao. Kipindi changu kinaisha. Nikiulizwa huwa nasema wanachama ndio wenye uamuzi. Hapa hakuna anayeuliza, basi niseme: nautaka tena. Napenda kuitwa mwenyekiti. Napenda hata kiti chenyewe, ingawa kimevunjika mguu.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimeshuka mjini mnadani. Kahawa yetu imenunuliwa vizuri mno. Mnada unakwenda kwa dola. Pesa yenyewe itaingia baada ya wiki mbili hivi, kwa shilingi, kwa kiwango cha siku itakayoingia. Nimepiga hesabu nje nikiwa nimesimama, kwa kiwango cha leo. Nikapiga tena kwa sababu sikuamini.

Mwanachama akileta kahawa tunampa malipo ya awali. Ikishauzwa, tukatoa gharama, kinachobaki anapewa, na hicho ndicho tunachokiita malipo ya pili. Malipo ya pili ndiyo Krismasi ya huku. Ndiyo nyama, ndiyo mabati, ndiyo sare za shule za Januari. Hatujawahi kuyalipa makubwa kama yatakavyokuwa mwaka huu.

Namba siziandiki hapa. Ofisini nashinda nazo, huku nataka kupumzika.

Nimekula chipsi kuku mjini, peke yangu, nikaagiza na soda ya pili.

Jumapili, 17 Novemba

Nimetangaza.

Felista, katibu wetu, alinishauri ningoje pesa iingie kwanza. Nilimwambia watu nao wanahitaji kufurahi. Sababu yenyewe haikuwa hiyo. Sababu ni Deodati. Amekuwa akisema kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwamba mwenyekiti wa sasa ni mtu wa kupima kahawa, si mtu wa kuiuza. Deodati ni mdogo wa marehemu mume wangu. Kihamba chake, shamba la ukoo, na changu vinapakana, migomba yetu imeingiliana hata hatujui upi wa nani. Ana duka la jumla kule Pasua, pembeni mwa mji, sukari, ngano na mafuta ya kupikia, na kila Jumapili anapanda kuja kusali. Anagombea kiti changu. Nilitaka asikie akiwa amesimama pale pale.

Kwetu matangazo husomwa nje, mlangoni mwa kanisa, baada ya misa. Ndoa hutangazwa hapo. Misiba hapo. Ng'ombe akipotea, hapo hapo. Kikishasemwa mlangoni hakuna anayekwenda kukiuliza tena mahali pengine. Nikapanda kile kijukwaa nikataja bei ya kilo, kwa shilingi, kamili. Vikapigwa vigelegele.

Deodati amenipa mkono. Amesema, "Hongera, shemeji. Hapo umetuweza." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyagwa kidole. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumanne, 19 Novemba

Mzee Filipo, mfuga mbuzi wa huku juu, ana utaratibu wake. Ukimpenda mbuzi unamfunga kitambaa chako shingoni, ni wako, utalipa Krismasi. Leo nimepita zizini kwake. Sijaona shingo tupu isipokuwa ya beberu mzee ambaye hatafuniki. Kila mtu amefunga kwa bei yangu. Nami nimefunga, kipande cha kitenge changu cha zamani, kwa mbuzi jike mnene.

Ulezi umepanda sokoni kwa sababu kila mtu anapika mbege kwa ajili ya wageni. Wageni ni watoto wetu wenyewe, wanaorudi kutoka Dar na Arusha na magari yaliyooshwa njiani. Watu wanakopa mabati. Jirani ameagiza kochi. Wote wakiulizwa watalipa lini wanajibu, "Mwenyekiti kasema."

Inapendeza kusikia. Inatisha kidogo pia, lakini zaidi inapendeza.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimekwenda Pasua dukani kwa Deodati kununua sukari na mafuta. Bei zote mbili zimepungua. Nilifurahi kwa muda wa kufungua pochi. Nikamuuliza kulikoni.

"Shilingi imekaza, shemeji. Dola inashuka kila siku. Mzigo unaingia kwa bei nafuu."

Aliyasema bila ubaya wowote. Anapima sukari, anaongea. Redio ya dukani ilikuwa inasema hayo hayo. Mheshimiwa mmoja anapongeza: shilingi imeimarika, wananchi wataona nafuu ya bidhaa. Wateja wanaitikia kwa vichwa. Mimi nimesimama na mafuta mkononi nikihesabu dola zetu za mnadani.

Nimepita mjini kwenye duka la kubadilisha fedha kuhakikisha. Ubao wao haudanganyi. Nje walikuwepo vijana wawili waongoza watalii, wametoka mlimani na bakshishi zao za dola, wanalaumiana kwa nini hawakuzibadilisha mwezi uliopita. Nilitamani kujiunga nao.

Jioni Priva amepiga simu kutoka Dar. Huyo binti yangu anaagiza viatu kutoka China. Yuko juu angani kwa furaha. Mzigo uliokuwa umemkwamia ameulipia kwa pesa kidogo kuliko alivyotegemea. "Mama, hii shilingi Mungu aidumishe!" Nimesema amina. Nyumba moja, na tunaiombea shilingi mambo mawili.

Nimekaa nikifikiri. Pasua wanakula mafuta na ngano ya nje, wanataka shilingi nzito. Uru tunauza kahawa nje, tungetaka iwe nyepesi. Pasua ni wengi. Na kuna Pasua katika kila mji wa nchi hii. Watu wanasema uchaguzi mkuu ukikaribia hakuna serikali inayopenda sukari ipande. Labda ni hivyo. Labda ni korosho na dhahabu na watalii tu vimeleta dola nyingi kwa mpigo, kama Felista anavyosema. Benki Kuu haijawahi kunipigia simu kunieleza.

Alhamisi, 28 Novemba

Pesa imeingia. Felista amepiga hesabu, nimepiga mimi, amepiga tena yeye. Dola ni zile zile za mnadani, hakuna aliyeiba hata moja. Shilingi ni pungufu. Malipo ya pili yapo, na bado ni mazuri kuliko ya mwaka jana. Lakini si yale niliyotangaza.

Felista hakusema "nilikuambia". Ningependa angesema tu.

Ijumaa, 29 Novemba

Kikao cha kamati. Kirefu.

Wamekuja na jibu tayari. Kuna benki mjini iko tayari kutukopesha pengo hilo. Tunalipa bei niliyotangaza kabla ya Krismasi, wanachama wanafurahi, tunapigiwa kura, riba italipwa na kahawa ya msimu ujao. Dhamana ni mtambo. Mkopo wa haraka namna hiyo unahitaji saini ya mwenyekiti, kisha mkutano mkuu uupitishe siku ile ile ya uchaguzi.

Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, amesema hilo si jambo geni. Ametuuliza lami humwagwa mwaka gani. Ametuuliza mishahara hupandishwa lini. Tumecheka wote, na nimecheka mimi pia kwa sababu ni kweli. Kiongozi yeyote anayengoja kura huhakikisha mifuko imejaa wiki hiyo. Kinachotokea wiki inayofuata kinakuwa kazi ya mwingine.

Sijasaini. Wamedhani nimekataa kwa msimamo. Msimamo gani! Nilisema naomba nifikiri, na nilipokuwa nafikiri nilikuwa nafikiria kusaini. Ningeshinda. Nadhani ningeshinda kwa kura za kutupa.

Jumapili, 1 Desemba

Majilio yameanza. Nilikuwa niseme leo. Nilivaa vizuri ili niseme.

Misa ilipokwisha nimetokea mlango wa pembeni, ule wa wanakwaya, nikapita kwenye migomba hadi nyumbani. Mtu mzima na rozari mkononi. Najionea haya.

Jumatano, 4 Desemba

Deodati amekuja nyumbani jioni. Nilidhani amekuja kunisuta. Hapana. Amekaa, amekunywa chai, ameuliza hali ya ng'ombe. Kisha akaniambia anajua. Mtu anayelipia mzigo kila wiki haambiwi dola ikoje.

Amenishauri nisaini. Aisee, huyu mpinzani wangu! Hoja yake si ya kijinga, naiandika ilivyo ili nisimwonee. Anasema watu wameshachukua vitu kwa neno langu. Nikilipa pungufu, Mzee Filipo hatalipwa, muuza mabati hatalipwa, na mwakani hakuna atakayemkopesha mkulima wa huku hata kiberiti. Na dola, anasema, ikishuka leo itapanda kesho. Ikipanda, kahawa iliyobaki ghalani italipa mkopo yenyewe. Huo si uongo, ni kungoja.

"Na isipopanda?"

"Shemeji, imewahi kutopanda?"

Kwa kweli katika maisha yangu haijawahi. Lakini nimewahi kungoja sana. Nimemuuliza, na mtambo? Akasema mtambo ni chuma, chuma kipo ili kifanye kazi, na kuwekwa dhamana nako ni kazi. Alisema kwa upole. Nikashikwa na hasira hadi nikamwaga chai. Yeye mwenyewe aliyabeba mawe yale na kaka yake. Amesahau mgongo ulivyomuuma?

Alipokuwa anaondoka alisema kama sitasaini mimi, atasaini yeye, na atawaambia watu hivyo. Nimemwambia awaambie. Sijui kama nilikuwa natetea mtambo au nilikuwa nabishana tu na shemeji yangu. Huenda vyote viwili. Lakini uamuzi umekuja hapo, na haujaondoka.

Jumapili, 8 Desemba

Nimesema. Mlangoni, pale pale.

Nilikuwa nimepanga maneno. Nikaanza na mnada, nikaingia kwenye dola, nikaona nyuso zinafungwa. Nikaacha. Nikasema hivi: shilingi ile ile iliyoshusha sukari yenu ndiyo iliyoshusha kahawa yenu. Nilitangaza kabla pesa haijaingia, na hilo ni kosa langu, si la mwingine. Malipo yatakuwa haya. Nikataja bei mpya. Nikasema pia kwamba mkopo upo, ungeziba pengo, na mimi sitauchukua kwa kuweka mtambo wetu mikononi mwa benki.

Meku mmoja, mzee wa Misa ya kwanza asiyekosa hata siku moja, akauliza, "Redio imesema shilingi yetu ina nguvu. Sasa nguvu hiyo inamsaidia nani?" Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua. Nikamwambia inamsaidia anayenunua vya nje. Akasema, "Mimi nje sinunui kitu." Nikamwambia mafuta ya taa, sukari, betri za redio yako. Akawa anafikiri. Ndiye pekee aliyekuwa anafikiri. Wengine walikuwa wanahesabu mbuzi.

Mama Happy, ambaye shamba lake liko chini ya kanisa, alisema sentensi moja tu: "Mama Priva, ulisema hapa hapa." Nimesema ndiyo, nilisema hapa hapa.

Deodati akapanda baada yangu. Akasema kwa adabu, akaniita mwenyekiti wetu mpendwa, akasema yeye akipewa nafasi watu watalipwa kama walivyoahidiwa, kabla ya Krismasi. Hawakupiga vigelegele kwa sababu nilikuwa bado nimesimama pale. Waliningoja niondoke. Nimevisikia nikiwa njiani.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Hakuna mizani. Mzee Filipo ameuliza kama kitambaa changu kibaki. Nimesema kibaki.

Alhamisi, 12 Desemba

Siku hizi mbili nimepita nyumba kwa nyumba. Watu wananipa chai. Hakuna aliyenikaripia. Wananionea huruma, na huruma ni mbaya kuliko matusi. Mwalimu mstaafu wa kamati amenikwepa sokoni, amejifanya anachagua vitunguu ambavyo vilikuwa vimeoza vyote.

Nimejaribu kueleza habari ya riba. Mama mmoja alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema anaelewa kabisa, lakini mwanawe anakuja na mchumba kumtambulisha, na hawezi kumtambulisha mchumba kwa maharage. Mimi mwenyewe nisingeweza.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimeshindwa.

Mkutano ulijaa. Hata wanachama wa Krismasi walikuwepo, wale wanaoishi Dar, ambao kahawa yao huvunwa na ndugu na wao hukumbuka uanachama wakati wa kura. Walikuja na viatu vyeupe kwenye tope. Afisa ushirika wa wilaya alisimamia. Kwanza wamepitisha ukomo wa madeni, yaani kiasi ambacho chama kinaweza kukopa, kwa makofi. Afisa aliwauliza mara mbili kama wameelewa dhamana ni nini. Wakapiga makofi tena. Baada ya hapo kura za siri zilikuwa kama kumalizia tu.

Deodati alipotangazwa hakuniangalia. Nimempa ufunguo wa ofisi na wa nyumba ya mtambo. Nimemwonyesha mahali mkanda wa mashine unapoteleza na jinsi ya kuurudisha. Alisikiliza vizuri. Amekubali kwamba Felista aendelee.

Nyumbani nimelia. Si sana. Nimejiuliza kama ningenyamaza tu, nisisaini wala nisiseme, nikaacha uchaguzi upite ndipo niseme. Wapo waliowahi kufanya hivyo na wakapata kura. Nimejibu kwamba nisingeweza. Kisha nikajibu tena kwamba ningeweza, nilishaanza, siku ile ya mlango wa wanakwaya. Inauma. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hawakuwa wajinga. Walichagua nyama waliyoiona badala ya deni wasiloliona, na ningekuwa na watoto saba njiani kutoka Dar ningechagua hivyo hivyo.

Jumatano, 18 Desemba

Priva amefika. Gari limejaa maboksi. Ameniletea viatu vya ngozi, vyepesi, vinanikaa sawasawa. Amesema zamani asingeweza kuninunulia hivi. Ameniuliza kwa nini nilikataa mkopo. Nilipomweleza alisema, "Mama, biashara yote ni mkopo." Tumegombana kidogo jikoni. Kisha amemenya ndizi za mtori bila kuambiwa, nami nimevaa vile viatu hadi usiku.

Jumatatu, 23 Desemba

Simu imelia asubuhi, ujumbe. Malipo ya pili. Bei yangu, ile ya kwanza, kamili.

Kijiji kizima kimelia simu kwa wakati mmoja. Niliwasikia wakiitana kwenye migomba. Ameifanya. Alisema atafanya na amefanya.

Niliitazama simu. Nikafikiria kuirudisha ile ziada, nikiandika barua nzuri kwa chama. Wazo hilo limekaa muda wa kuchemsha maji. Nimekwenda kwa Mzee Filipo, nimelipa, nimemleta mbuzi wangu. Njiani kila mtu alikuwa na mbuzi wake. Mama Happy amenisalimia kwa sauti kubwa kama zamani. Nimefurahi. Naliandika neno hilo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa, nimefurahi.

Ijumaa, 27 Desemba

Ukungu hadi mchana, mlima haujaonekana. Nyumba imetulia. Priva amekwenda kuwatembelea mashangazi zake.

Deodati amekuja. Kwa mila yetu mdogo mtu akichinja Krismasi ni lazima mke wa kaka mkubwa apate fungu lake, na lazima aliyechinja alilete mwenyewe, hata kama kaka hayupo tena. Nilidhani mwaka huu atamtuma mtu. Amekuja mwenyewe na sufuria imefunikwa kwa kitambaa safi. Nimeipasha moto, nimekatakata ndizi, tumekula jikoni wawili.

Alikula kidogo. Kisha akasema dola bado inashuka. Amesoma mkataba wa benki sikukuu nzima, badala ya kulala. Marejesho ya kwanza ni Machi. Pesa ya kahawa iliyobaki ghalani haitatosha. Itabidi kila mwanachama akatwe msimu ujao, na asipokatwa, benki inakuja kwenye mtambo. Aliyasema hayo akitazama nyama. Alionekana mdogo, kama siku ile nilipoolewa hapa na yeye akiwa bado anachunga ng'ombe.

Nilikuwa na haki ya kumcheka. Nimeingoja ije, haikuja. Na mimi nimekula pesa ile. Nimemwambia hivyo. Nikamwambia awaambie watu mapema, Jumapili ya kwanza ya Januari, kabla wa Dar hawajarudi wote, aseme watakatwa kiasi gani na kwa nini, mlangoni.

"Watanitoa, shemeji."

"Mimi wamenitoa, na bado ninakula nyama yako."

Amecheka hadi akakohoa. Nikampa maji. Kisha akauliza mtu anaanzaje kusema jambo kama hilo, maana watu wenyewe watakuwa bado na mafuta midomoni. Nikamwambia asianze na dola. Nikamwambia nitawahi, nitasimama mbele kabisa, na akishindwa pa kuangalia aniangalie mimi.

Amekubali. Nimeiosha sufuria yake, nimeweka ndani ndizi chache za kuiva, maana chombo hakirudi kitupu kwa wenyewe, na ameondoka nayo kabla mvua haijaanza.